UZI: Hivi Terminator wataianzisha upya mara ngapi jamani? Waliokulia vibanda umiza Arusha njooni tuongee

Mtoto wa Kaloleni

Wakuu kwema? Nina kesi na hawa jamaa wa Hollywood na naileta huku maana nyumbani hakuna wa kunisikiliza, wife anasema mtu mzima na ndevu zako unagombana na roboti.

Kesi yenyewe ni Terminator, zile sinema za roboti wauaji wanaotumwa kutoka kwenye vita vya baadae vya mashine na binadamu. Toka ile ya kwanza ya 1984 mpaka Dark Fate ya 2019 ziko sita za sinema, na hapo mbili za mwanzo tu ndo hadithi moja iliyonyooka, zilizobaki kila moja ikija inafuta iliyotangulia. T3, yani ya tatu, ya 2003 ikasema ule ushindi wa T2, ile ya pili ya 1991, haukuwa ushindi, vita iliahirishwa tu. Salvation ya 2009 ikarukia kwenye vita vyenyewe. Genisys ya 2015 ikarudi mpaka 1984 ikachana kila kitu, yani Sarah Connor tuliyemjua kama dada wa mgahawani asiyejua lolote tunamkuta ni komandoo kamili, kalelewa na roboti toka ana miaka tisa na roboti mwenyewe anaitwa Pops. Alafu Dark Fate nayo ikaja ikasema T3, Salvation na Genisys zote hazikutokea, sisi tunaendelea kutoka T2. Sasa mimi niliyetoa hela yangu kuzitazama hizo tatu mnanirudishia nini?

Ila hilo la kufutana sio kubwa sana, kinachoniuma ni kingine. Waliokulia vibanda vya video hapa Chuga miaka ya tisini wanajua kibandani kulikuwa na sheria moja tu, stelingi, yani shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, utalia weee lakini mwisho atainuka. Sasa ikaja T2. Mnakumbuka mwisho wake? Polisi wa maji, lile roboti adui linaloyeyuka na kujiunda upya, kashaangukia kwenye chuma kilichoyeyuka, tumeshashangilia, watu wanatafuta kandambili zao watoke, Arnold Schwarzenegger, safari hii roboti mlinzi, anasema bado kuna chipu moja ya kuharibu na anajigusa kichwa. Hawezi kujiua mwenyewe, hajatengenezwa hivo, kwahiyo anashika mnyororo na Sarah ndo anabonyeza kitufe cha kumshusha. Mtoto wa Sarah, John Connor, analia. Arnold anazama taratibu mpaka kinabaki kile kidole gumba juu. Nyuma kule chalii mmoja akapiga kelele "STELINGI KAFA!" na banda zima likawaka, wengine wanadai warudishiwe hela, wanasema mkanda umekatwa.

Yule alikufa kwa sababu, wakuu. Alikufa ili asibaki hata mmoja. Na toka siku ile kila wanapoianzisha upya kitu cha kwanza wanachofanya ni kumfufua yeye. Hata Salvation, jamaa alikuwa gavana wa California hana muda wa kushuti, wakambandika sura ya ujana wake kwa kompyuta kwenye mwili wa mtu mwingine. Sasa kama atarudi kila mara, pale kwenye chuma mimi nililia nini?

Karibuni, ila tusitukanane.

Chalii wa Ngarenaro

Siti ya mbele kabisa, nimeshanunua karanga.

Dingi wa Sakina

Mleta mada umenikumbusha mbali sana. Ila naona mmezoea kuanzia T2 kwa sababu ndo iliyofika vibandani kwa wingi. Mi ya kwanza niliiona kwa shemeji yangu aliyekuwa na deki, kabla ya hiyo T2 yenu, na nakwambia ile sio muvi ya ngumi, ile ni muvi ya kutisha. Arnold ndo adui! Hacheki, hachoki, haongei, anafungua kitabu cha simu anaangalia akina Sarah Connor wote wa mji anawapitia mmoja mmoja. Bajeti yake ilikuwa dola milioni sita na ushee tu, mbele ya hizi za leo ni hela ya vitafunio. Ndo maana iko vile, usiku mwingi, vichochoro vingi, roboti lenyewe wanakuonyesha mwishoni likiwa mifupa mitupu linachechemea. Hawakuwa na hela ya kukuonyesha, wakakuacha uogope mwenyewe.

Genisys walirudia zile sin za 1984 karibu shoti kwa shoti, kuanzia anapotua uchi pale, alafu Arnold mzee anatokea anapigana na Arnold kijana. Nikasema hapa sasa ndo tumefika mwisho. Mlichukua kitu kilichonikosesha usingizi mkakifanya kichekesho.

Fundi wa Unga Ltd

Mi naomba kutofautiana na wazee wangu kwa heshima. Salvation inaonewa sana. Toka 1984 tunaambiwa kuna vita huko mbele, binadamu wanaishi kwenye mashimo, John Connor ndo kiongozi, na tunaonyeshwa dakika mbili mbili tu, mafuvu yanakanyagwa na minyororo ya vifaru basi. Salvation ndo pekee iliyosema haya twendeni huko. Hakuna kurudi nyuma kwenye wakati, hakuna mtu kutua uchi mtaani akaiba nguo. Christian Bale mle ndani yuko siriasi, na yule Marcus wa Sam Worthington asiyejua kama yeye mwenyewe ni mashine, wazo zuri sana lile.

Ilikuwa na mapungufu sawa, ila mashabiki hawahawa wanaolia "wanarudia rudia" ndo walioipiga mawe ile iliyokataa kurudia. Sasa mnataka nini?

Mtoto wa Kaloleni

Fundi hoja yako ina uzito, nakupa. Tatizo la Salvation mi naona ni hofu haipo. T1 na T2 zina mashine moja inayokufuata wewe, ukilala inakuja, ukijificha inakuja. Ukishaweka mashine mia na ndege na mapikipiki ya roboti inakuwa vita ya kawaida, naweza kuangalia ya Vietnam. Ila wazo la Marcus nakubali, na trela ikalimwaga lote kabla hata hatujaingia.

Fundi wa Unga Ltd

Habari ya trela usiniambie. Genisys walifanya kosa hilohilo mara mbili yake, siri kubwa ya muvi nzima ni kwamba John Connor mwenyewe kageuzwa mashine, wakaiweka kwenye trela na kwenye mabango. Mtu unaingia unasubiri saa zima wahusika wagundue kitu ambacho we unakijua toka nyumbani.

Wakili wa Mtaa

Wakuu mnajadili skripti, mi niwaambie kinachoendelea nyuma ya pazia maana hapo ndo mchawi alipo.

James Cameron, mwongozaji wa T1 na T2, alipokuwa hana jina wala hela aliuza haki za Terminator kwa prodyuza Gale Anne Hurd kwa dola moja. Moja. Sharti lake lilikuwa lazima aongoze yeye. Akapata muvi, akapata jina, ila mali ikawa sio yake tena. Kuanzia hapo ile haki imetembea kama shamba la urithi lenye kesi, kampuni ya Carolco iliyotoa T2 ikafilisika miaka ya tisini, ikachukuliwa na wengine wakatoa T3, wakaja Halcyon wakatoa Salvation 2009 na mwaka huohuo wakaomba hifadhi ya mufilisi mahakamani, ikapigwa mnada, ndo tukafika Genisys.

Kila mwenye mali mpya kalipa mamilioni. Hawezi kukaa nayo tu kabatini. Na hawezi kuendeleza ya mwenzake iliyofeli, kwahiyo anaanza moja na anakuahidi zitakuwa tatu. Salvation ilikuwa ziwe tatu, ikabaki moja. Genisys ilikuwa ziwe tatu, ikabaki moja. Kufuta kwenu mnakokulalamikia sio wazo la mwandishi, ni mkataba mpya.

Sheria ya Marekani inampa mtunzi nafasi ya kudai haki alizouza baada ya miaka 35. Chukua 1984 ongeza 35, mnapata ngapi? Na Dark Fate imetoka mwaka gani, na Cameron karudi kama prodyuza mwaka gani? Haya.

Chalii wa Ngarenaro

Dola moja 😂😂😂 na sisi tunalia tumeuza viwanja Muriet bei ya kutupa.

Mangi wa Kibosho

Nimesoma nikiwa Moshi hapa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Mleta mada tatizo sio kuanzisha upya, tatizo ni nani anaanzisha na anataka kusema nini. Angalia wenzao wa Planet of the Apes. Ile ya 1968 ya Charlton Heston ni ya kale na kila mtu anajua mwisho wake, ile sanamu ufukweni. Zikafuata nne mpaka 1973. Wakajaribu 2001 ikawa haina kichwa wala miguu. 2011 wakaja na Rise, na hawakuomba usahau chochote, hawakukuletea sura ya Heston kwa kompyuta ili upige makofi, walichukua swali moja tu ambalo za kale ziliwahi kuligusa, hawa nyani walifikaje kutawala, wakakaa nalo.

Kuna sin moja Caesar, yule nyani mwenye akili ambaye ndo stelingi, yuko kwenye lile banda la nyani, mlinzi anamtesa na ile fimbo ya umeme, Caesar anaudaka mkono wake na anatamka "Hapana." Neno moja. Mi niliangalia kwa laptop ya mshkaji hosteli tulikuwa wengi tumebanana na kila mtu alinyamaza. Anayeigiza ni Andy Serkis amevalishwa vile vidoti vya kunasa miondoko, macho unayaona ni ya mtu. Hapo ndo unajua wamekusudia kitu. Ikafuata Dawn 2014, War 2017, Kingdom 2024, na kila moja inabeba mzigo wa iliyopita, aliyekufa kafa, aliyesaliti kasaliti.

Terminator hawajawahi kujiuliza swali. Wanajiuliza tu Arnold yuko fri lini.

Dingi wa Sakina

Mangi hiyo ya mwisho nimecheka mpaka mama watoto kaja kuangalia kuna nini.

Ila mi nitetee T3 kidogo, naona mnaipita tu. Ina vichekesho vya kijinga, yale miwani ya nyota sijui kwa nini waliyaweka. Lakini mwisho wake mnaukumbuka? John na mwenzake Kate wanakimbilia kwenye handaki wakidhani ndo wanakwenda kuzima Skynet, ile akili ya kompyuta inayoanzisha vita, wanafika wanakuta kompyuta za kizamani za miaka ya sitini zimejaa vumbi, hakuna cha kuzima. Roboti liliwaleta pale wajifiche tu. Redio zinaita kutoka huku na huku zinauliza nani anaongoza, na nje mabomu yanaruka. Hawajashinda. Muvi ya hela nyingi kiasi kile kumaliza vile inahitaji moyo. Mngeendelea kutokea hapo hadithi ingekuwa na mguu wa kusimamia.

Binti wa Usa

Shikamooni wazee. Mi ni wa 2001, za kwenu hizi sijaanzia huko, ya kwanza kuiona ni Dark Fate na niliipenda. Naomba niulize bila kupigwa. Kwani kilichowauma ni nini hasa? Dani, yule dada anayewindwa na roboti, yuko kiwandani cha magari na kaka yake, wanafika asubuhi wanakuta nafasi ya kaka yake kawekewa roboti, hapo hata adui hajatokea na tayari mtu unaelewa hii muvi inaongelea nini. Grace wa Mackenzie Davis, yule askari aliyetumwa kumlinda, namkubali kinoma, nguvu zake zina mwisho, akishapigana anaanguka anatetemeka anataka dawa. Linda Hamilton, Sarah mwenyewe, karudi na mvi zake na bazuka. Adui anagawanyika anakuwa wawili. Mbona nzuri?

Nikisoma huku naona wanaume wengi wanalia John Connor kafa. John mwenyewe kwangu mimi ni mtoto fulani aliyepigwa risasi mwanzoni.

Mtoto wa Kaloleni

Marahaba binti. Hakuna wa kukupiga, na kwa kweli umeweka kidole penyewe, "mtoto fulani aliyepigwa risasi mwanzoni". Ndo walivyomfanya. Grace mzuri, Dani sina ugomvi nae, ile ya kiwandani ni sin bora kuliko Genisys nzima. Wangeweza kuyafanya yote hayo John akiwa hai anauza duka la spea Mexico, hatakiwi tena na mtu, vita yake ilishaisha. Hiyo ingekuwa hadithi ya kutazama, mtu aliyelelewa toka tumboni kuwa mkombozi alafu dunia ikakombolewa na mwingine.

Badala yake wametengeneza sura ya utotoni ya Edward Furlong, yule John wa T2, kwa kompyuta, wakamkalisha na mama yake kwenye meza ufukweni, na aliyemuua ni nani? Sura ya Arnold. Alafu huyohuyo muuaji baadae tunamkuta anaishi na familia, anaitwa Carl, anauza mapazia, anatuchekesha na rangi za mapazia, na sisi tunatakiwa tumpende. We binti hukulia T2 ndo maana haikukugusa, na hiyo sio kosa lako. Ila wao walijua sisi tutauma meno na walitutaka sisi ndo tukate tiketi.

Na hatukukata. Ilikula karibu dola milioni 185 kutengeneza na dunia nzima ikarudisha kama 261, ukitoa fungu la wenye majumba ya sinema hapo ni hasara tupu.

Fundi wa Unga Ltd

Hata kile katuni cha Kijapani cha Netflix cha 2024, Terminator Zero, hakina Arnold wala Connor na kilikuwa na akili, wakakikata baada ya msimu mmoja. Kwahiyo ukimweka Arnold mnalia, usipomweka hamwangalii.

Chalii wa Ngarenaro

Skynet ikija Arusha itakuta umeme umekatika, itakaa Kilombero sokoni inasubiri kama sisi.

Mangi wa Kibosho

😂😂 Na itaambiwa mtandao uko chini njoo kesho.

Binti wa Usa

Nimerudi wazee. Nimeitafuta T2 nikaiangalia jana usiku na bando langu lote limeisha. Sawa nimewaelewa kidogo. Yule polisi wa maji anatisha kuliko yule wa Dark Fate na sijui kwa nini, wa Dark Fate anafanya mengi zaidi. Pale hospitali ya vichaa anapita katikati ya nondo za mlango, mwili unapita kama uji, alafu bastola inagota kwenye nondo inamzuia mkono. Anaiangalia, anaigeuza kiubavu, anapita. Nilirudisha mara kadhaa ile.

Dingi wa Sakina

Kwa sababu umeonyeshwa kitu kimoja kwa utulivu mwanangu. Muvi nzima ile michoro ya kompyuta ni kama dakika tano tu, zingine ni mikono ya watu, masanamu ya fundi Stan Winston na mapacha wa kweli. Yule mlinzi wa hospitali anayeuawa kwenye mashine ya kahawa ni pacha na ndugu yake, na Linda Hamilton nae pacha wake yumo.

Binti wa Usa

Sasa mleta mada nina swali alafu nalala. Nimeangalia na ya kwanza. Mwisho wa ile Arnold anabanwa kwenye mashine ya kiwandani anakufa kabisa, taa nyekundu ya jicho inazimika. Alafu T2 inaanza na sura ileile imerudi. Kwahiyo walioanza kumfufua ni hao hao mnaowasifia, mbona hao hamuwashtaki?

Chalii wa Ngarenaro

Eeeeh! Mzee wa Kaloleni jibu hapo, na usiseme mtandao unasumbua.

Mtoto wa Kaloleni

Najibu, tena vizuri. Ni kweli T2 ilimrudisha, lakini ilimrudisha ili itutishe nae. Nusu saa nzima ya mwanzo hakuna anayekwambia nani ni nani. Kuna Arnold kwenye pikipiki kavaa ngozi, sura ya muuaji wa muvi iliyopita, na kuna kijana mpole kavaa sare za polisi anaulizia mtoto. Wote wawili wanamtafuta John. Mpaka wanakutana kwenye ule ukumbi mwembamba nyuma ya maduka, Arnold anafungua boksi la maua ya waridi linatoka gobole, mtoto yuko katikati hana pa kukimbilia, bunduki inaelekezwa kwake, na hapo ndo anaambiwa alale chini. Ile sura waliitumia dhidi yetu. Waliofuata wanaileta ili tujisikie nyumbani. Pops, Carl, ni babu yetu kaja kututembelea. Ndo tofauti, na kwangu mimi ni kubwa.

Fundi wa Unga Ltd

Ila kuwa mkweli mkuu, Marekani ule mshangao haukuwepo. Trela za T2 zilishawaambia watu kabisa kwamba safari hii Arnold yuko upande wa mtoto. Wao waliingia wanajua.

Mtoto wa Kaloleni

Wao. Sisi trela tungeiona wapi? Kaloleni trela yetu ilikuwa kibao cha chaki kimeegemezwa kwenye nguzo, kimeandikwa LEO SAA MOJA ARNOLD, chini yake VAN DAMME, basi. Na ndani kabla kanda za kina Lufufu, wale watafsiri wa muvi kwa Kiswahili, hazijatufikia kulikuwa na chalii mmoja anajifanya anajua Kimombo, anatusimulia kwa sauti nusu anatafsiri nusu anatunga, na alituhakikishia kabisa kwamba yule polisi kaja kumuokoa dogo. Tulimshangilia polisi sisi! Mpaka pale ukumbini risasi ya kwanza ilipompiga kifuani ikaacha shimo la fedha na likajiziba.

Dingi wa Sakina

Huyo mtafsiri namjua, sasa hivi ana duka la simu stendi ndogo na bado anadai alikuwa sahihi.

Chalii wa Ngarenaro

Mtumeni humu aje ajitetee, karanga hazijaisha.